Mabamba Kumi na Mawili
Sehemu ya Saba

Bolti ilikuwa mkononi, tundu halikuwepo.

Hapo ndipo tulipomwacha Rula, ndugu msomaji, amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, kidole kimegota kwenye bamba la mwisho, na mgeni amesimama nyuma yake akitazama saa. Kama wiki zilizopita hukuwa nasi, vuta kiti. Nitakupitisha mbio kabla mgeni hajaondoka.

Rula ni binti wa karakana. Baba yake aliianzisha, akafariki, akawaachia watoto wawili. Kaka mkubwa ndiye anayeshika ofisi, na anaitwa Meneja hata na mke wake. Rula ndiye anayechora na kupima. Jina hilo alilipata kwa sababu ya rula ya chuma isiyobanduka mfuko wa nyuma wa suruali yake. Wanatengeneza mashine za kukaushia nafaka. Mashine moja ina ukubwa wa kabati la milango miwili, na ndani yake, ukitoa feni na trei, ni hewa tupu.

Hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza. Kontena zima lilimeza mashine nane likajaa. Wateja wa mbali walichoka kulipia usafiri wa hewa, wakaacha kuagiza. Mashine zilizokosa wenyewe zilipangwa uani chini ya turubai, zikapigwa na mvua, zikaota kutu kabla hazijaonja punje moja ya mahindi.

Ndipo Rula alipokuja na mchoro wake. Mashine isichomelewe. Ikatwe mabamba kumi na mawili, yalazwe, yafungwe mkanda, kifurushi kisizidi unene wa godoro. Kontena lile lile libebe arobaini na nane. Ikifika iendako, mtu yeyote mwenye spana moja aifunge kwa saa moja.

Mtu yeyote. Ndivyo alivyomwandikia Mama Ugavi, mnunuzi mkuu wa chama cha wakulima ng'ambo ya maji. Mama Ugavi akapanda ndege kuja kuhakikisha. Na hakuja na fundi. Alikuja na dereva aliyemkodi pale uwanja wa ndege, mwanamume wa makamo mwenye miwani na kitambi, akamkabidhi spana na karatasi ya picha, akasema, "Mtu yeyote ndiye huyu. Afunge."

Dereva alifunga mabamba kumi na moja. La kumi na mbili likagoma.

"Mama," dereva alisema akifuta jasho, "hili tundu na lenzake hayajuani."

Rula alisukuma. Akagonga kwa kiganja, kisha kwa nyundo ya mpira. Akachungulia. Mahali alipotakiwa kuona mwanga wa upande wa pili aliona chuma, na ukingoni kijimwanga chembamba kama mwezi mchanga.

Alichomoa rula. Milimita tatu.

"Nivutieni waya," sauti ilisema nyuma. "Niichomelee hiyo kona. Dakika kumi tu."

Huyo ni Baba Mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu baba yao, mchomeleaji wa kwanza wa karakana hiyo, aliyechomelea hapo kwa miaka thelathini na minane. Kinyago cha kuchomelea kilikuwa kimepandishwa kichwani, mikono imefungwa kifuani. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameshasema kwamba mashine bila kuchomelea ni kabati la nguo.

"Na huko kwangu utakuja kunichomelea?" Mama Ugavi aliuliza bila kumgeukia. "Maghala yangu yana mlinzi na mtunza stoo. Mchomeleaji hakuna. Ndiyo maana nimekuja mpaka hapa."

Wafanyakazi waliangua kicheko, wakakimeza. Baba Mdogo hakucheka.

"Ni saa nne na robo," Mama Ugavi aliendelea. "Saa saba kamili natoka hapa kuwahi ndege. Fungueni nyingine."

Walikata mkanda wa kifurushi cha pili. Mabamba kumi na moja yalikaa vizuri, la mwisho likagoma. Cha tatu, yale yale. Vilikuwapo vifurushi kumi na viwili vilivyokwisha kutobolewa na kukunjwa, na Rula hakuhitaji kuvifungua vyote kujua habari iliyokuwa ndani.

Meneja alimvuta dada yake nyuma ya rafu ya rangi.

"Nilikwambia tuandae moja ya kuchomelea, iwe ya akiba."

"Hukuniambia hivyo. Uliniambia nisikuletee vichoro tena wakati unakula."

"Basi si umeona sasa?"

"Nimeona nini?"

"Haifungiki."

"Mbili za majaribio zilifungika. Ulikuwepo. Ulipiga picha."

Meneja aliangalia viatu vyake. "Nenda kamwambie mama wa watu kitu. Mimi nikae na dereva."

Hivyo ndivyo kaka yake alivyokuwa. Jambo likinyooka, yeye meneja. Likipinda, kuna dereva wa kukaa naye.

Rula alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kutobolea, akalinyanyua bamba la kigezo. Hili ni bamba gumu lenye matundu yote mahali pake. Unalilaza juu ya bamba jipya, unatoboa kwa kulifuata, na matundu ya mashine ya kwanza yanakuwa sawa na ya mashine ya mia. Alilipima tundu kwa tundu. Halikuwa na kosa hata la unywele.

Kwa hiyo kigezo kilikuwa kizima. Iliyokosea ni mikono iliyokifuata. Na kazi ya kutoboa, Jumamosi iliyopita nzima, ilisimamiwa na mtu mmoja.

Kuna hasira inayopanda polepole, na kuna ile inayokukuta tayari imekaa kichwani. Kwa siku tatu mfululizo Rula alikuwa amelala muda wa saa nne tu kila usiku. Alikuwa amebishana na kaka yake kuhusu kila bolti. Alikuwa amesikia neno kabati la nguo mpaka likamtoboa masikio. Alirudi katikati ya karakana na kusimama mbele ya yule mzee.

"Baba Mdogo, kigezo hakina kosa."

"Najua. Nilikitumia."

"Ulikitumia, au ulikisogeza?"

Mtu aliyekuwa akikata chuma kule nyuma alizima mashine yake. Ghafla ukasikia feni ya ofisini.

"Sema vizuri, mwanangu," Baba Mdogo alisema.

"Tangu mwanzo hukuitaka kazi hii. Ulitaka ishindikane. Leo imeshindikana, mbele ya mgeni. Umefurahi?"

Meneja alikuwa hatua nne kutoka hapo. Alifungua kinywa, akakifunga.

Baba Mdogo alivua glavu. Akaziweka juu ya meza, moja juu ya nyingine, kwa utaratibu wa mtu anayekunja shuka. Akavua aproni ya ngozi. Kinyago akakikwapua kichwani na kukitia kwapani. Akapita kati ya wafanyakazi aliowafundisha wote, akatoka mlango mkubwa, na hakugeuka.

"Endelea," Mama Ugavi alisema kwa ukavu. "Umempata mwenye kosa. Sasa mashine yangu inafungika?"

Swali hilo lilimchoma Rula kuliko tusi.

Alichukua bamba moja ambalo lilikuwa limetobolewa lakini halijakunjwa, akaliweka chini ya kigezo. Alitaka ushahidi. Alitaka kuona kwa macho yake pale yule mzee alipokisogeza.

Matundu yalikutana. Yote. Mwanga ulipita kila mahali kama maji kwenye chujio.

Baba Mdogo alikuwa ametoboa pale pale alipoambiwa.

Basi kosa lilikuwa limeingia baadaye, kwenye kukunja. Alichukua bamba lililokunjwa la mashine mpya na bamba la mashine ya majaribio, akayaweka sambamba. Kwa macho ni mapacha. Akayashika moja mkono huu, moja mkono ule, na hapo mikono ikajua kabla ya kichwa. Moja lilikuwa zito.

Alipima unene. Lile la zamani, milimita moja. Hili jipya, moja na nusu.

Huhitaji kuwa fundi kuelewa. Kunja karatasi, halafu kunja kadibodi. Kitu kinene kikikunjwa kinakula nafasi zaidi kwenye kona. Nusu milimita haionekani kwenye kona moja, lakini mashine hii ina kona nyingi, na kila moja ilikuwa imeiba kidogo ikampasia mwenzake. Mabamba kumi na moja yalivumilia. La mwisho ndilo lililobebeshwa wizi wote.

Rula alimkuta kaka yake ofisini, akijifanya anatafuta kalamu.

"Bamba hili limetoka wapi?"

"Dukani."

"Duka lipi?"

"Lile lile." Meneja alijikuna shingo. "Walikuwa wameishiwa ya milimita moja. Wakanipa ya moja na nusu kwa bei ile ile. Chuma cha nyongeza bure, nani anakataa?"

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungepiga kelele."

Rula hakupiga kelele. Hilo lilimwogopesha Meneja zaidi.

"Ulikuwa umesimama pale," Rula alisema. "Nimemtukana Baba Mdogo mbele ya watu wote, na wewe ulijua bamba limebadilika."

"Nilijua limebadilika. Sikujua kama ndilo lenye shida."

"Ungeuliza."

"Na wewe ungeuliza kabla ya kumvamia mzee wa watu." Meneja alisema hivyo, na mara moja akatamani angelirudisha neno. Lakini lilikuwa limeshatoka, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa kweli.

Saa tano na dakika arobaini.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vipuri lenye benchi nje. Baba Mdogo alikuwa ameketi hapo peke yake. Kinyago kilikuwa magotini, naye alikuwa akisafisha kioo chake kwa pindo la shati, kioo ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Rula hakuketi. Hakujiona ana haki hiyo.

"Bamba lilikuwa nene," alisema. "Kaka alibadilisha bila kusema. Ulitoboa sawasawa. Nimekukosea, Baba Mdogo."

Mzee aliendelea kusugua.

"Nitarudi nawe ndani nikuombe radhi pale pale nilipokusema."

"Usinifanyie hivyo." Alisema haraka kuliko Rula alivyotarajia. "Hayo ya mbele za watu yaache. Yameshapita."

"Hayajapita. Mgeni bado yupo, na mashine haifungiki."

"Nilikwambia nini wiki tatu zilizopita? Kuhusu matundu."

Rula alikuwa akiomba asiulizwe hilo.

"Uliniambia nisitoboe tundu la duara," alisema. "Ulisema litobolewe refu, kama mbegu ya tikiti, ili bolti iwe na pa kutembea chuma kikibadilika."

"Ukasema nini?"

"Nikacheka."

"Ulisema nini?"

"Nilisema hiyo ni kazi ya kubahatisha. Nilisema mashine yangu inakwenda kwa vipimo."

Baba Mdogo alikitazama kioo chake juani. "Chuma hakisomi mchoro wako, mwanangu. Leo kinene, kesho chembamba. Kwenye jua kinavimba, kwenye baridi kinanywea. Mimi nikichomelea naviona hivyo vyote, navisamehe palepale. Bolti haisamehi. Lazima uiachie nafasi." Akakishusha kioo. "Halafu kuna jambo moja hukuniuliza hata siku moja. Mashine ikishafungwa na dereva wa teksi, mimi ni nani pale ndani?"

Magari mawili yalipita.

"Sijui," Rula alisema. "Sikuwaza hilo. Niliwaza kontena tu."

Nadhani ni kwa sababu hakudanganya ndipo mzee aliposimama. Alipiga kinyago vumbi ambalo halikuwepo.

"Tupa ya mviringo ile kubwa ipo?"

"Ipo."

"Twende. Tunapoteza muda."

Rula aliomba radhi mbele za watu hata hivyo. Alisimama palepale, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye rafu ya rangi: alikosea, kosa halikuwa la Baba Mdogo, na yeyote aliyesikia lile la kwanza asikie na hili. Wafanyakazi wawili walipiga makofi. Baba Mdogo alikuwa ameinamia jiliwa akibana bamba, na hakuinua uso. Rula alidhani ni aibu ya sifa.

Halafu kazi ikaanza. Mzee alitoboa tundu la pili likishikana na la kwanza, akapitisha tupa katikati mpaka matundu mawili yakawa moja refu. Manane kwa jumla, manne kwenye bamba la mwisho, manne kwa jirani yake. Rula alishika, mzee akasugua. Vumbi la chuma lilimwagika kwenye vidole vyao.

Saa sita na dakika nane, Baba Mdogo alipuliza bamba na kumpa dereva.

"Fungua zote, uanze upya," Mama Ugavi alimwambia dereva. "Sitaki ya kuunga."

"Mama, hata maji?"

"Utakunywa ukimaliza."

Dereva alianza upya. Bamba la sakafu. Ubavu wa kulia. Ubavu wa kushoto. Sasa alikuwa ameshaizoea karatasi, na alianza kupiga mluzi, jambo ambalo lilimtia Rula wazimu. Kwenye bamba la saba aliangusha nati ikabingirika chini ya mashine ya kukunjia, na watu wazima watano walilala kifudifudi kuitafuta. Kwenye la tisa aliweka bamba juu chini, akalitoa, akaligeuza, akalirudisha vilevile juu chini. Rula alijikaza kisabuni, mikono mgongoni. Ilikatazwa kumsaidia.

La kumi na moja.

La kumi na mbili.

Dereva alitia bolti. Iligota. Akaisukuma kidogo pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na bolti ikatelemka ndani mpaka mwisho.

"Aa," dereva alisema. "Sasa yanajuana."

Dakika thelathini na nane.

Mama Ugavi hakutabasamu. Aliizunguka mashine, akaishika mabega mawili, akaitikisa kwa nguvu ambazo hukutegemea kwa mwanamke wa kimo kile. Mashine haikulia. Akawasha feni, akaweka kiganja kwenye tundu la hewa. Akafungua na kufunga mlango mara sita.

"Nataka arobaini na nane," alisema hatimaye. "Kontena moja. Liondoke Ijumaa. Bamba hili nene nalichukua kwa mara hii, lakini uzito nautaka kwenye karatasi, maana kreni za kwangu zina kikomo cha mzigo. Na matundu yote yawe marefu. Mashine zote, kona zote."

"Yatakuwa," Rula alisema.

"Nipe mkataba. Nina dakika kumi."

Meneja alirudiwa na umeneja wake wote kwa mkupuo. Alikimbilia ofisini, akarudi na karatasi, akafuta meza kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Mama Ugavi alivuta kalamu mkobani, akavua kifuniko.

Honi ikalia getini.

Lori kubwa lilikuwa limeingiza pua uani. Karani wa mzigo, mwanamke kijana mwenye ubao wa kuandikia, aliruka chini, akaja akisoma huku anatembea.

"Tumeleta mzigo wa mpangaji mpya," alisema. "Nusu ya ghala, upande wa kulia. Nasaini na nani?"

Rula alimgeukia kaka yake. "Mpangaji yupi?"

"Nilitaka kukwambia leo jioni."

"Mpangaji yupi?"

"Si wewe mwenyewe uliyesema? Mashine zikilazwa, nusu ya ghala itabaki tupu. Nikaona isikae bure. Nikaipangisha kuanzia leo."

"Kaka, nina mabamba ya mashine arobaini na nane ya kutoboa, kukunja na kufunga kabla ya Ijumaa. Nitayalaza wapi? Kichwani kwako?"

"Ni mfanyabiashara wa mashine tu. Kwa simu alikuwa mstaarabu."

"Mashine gani?"

Meneja hakujua. Hakuwa ameuliza. Ndugu msomaji, mpaka hapo Rula angeweza kumsamehe, kwa kuwa alikuwa amemsamehe mengi ya namna hiyo tangu utotoni. Lakini Mama Ugavi, ambaye macho yake hayakai bure, alikuwa ameshalisogelea lori kalamu ikiwa bado mkononi.

Wapakuzi walivuta turubai.

Rula alitarajia kuona mashine nzima nzima, makabati makubwa yaliyojaa hewa, kama zote zinazouzwa mjini. Aliona vifurushi vilivyolazwa. Bapa. Vimefungwa mkanda. Unene wa godoro.

"Fungua kimoja," Mama Ugavi alimwambia karani.

"Mama, mzigo si wako."

"Nikiupenda utakuwa wangu. Fungua."

Mkanda ulikatwa. Rula alihesabu kwa macho, midomo ikichezacheza. Mabamba kumi na mawili. Bamba la sakafu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Mpangilio wake. Mashine yake. Alipanda kwenye lori bila kuombwa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bamba la juu, na kidole kikasimama.

Tundu lilikuwa refu. Kama mbegu ya tikiti.

Meneja asingeweza kuuza wazo hilo, kwani hakuwa nalo. Wafanyakazi hawakuwahi kulisikia kabla ya leo. Wiki tatu zilizopita lilisemwa kwenye meza ya kuchorea na mtu mmoja, likasikiwa na mtu mmoja, na huyo aliyelisikia alicheka.

"Baba Mdogo," Rula aliita, taratibu.

Mzee hakujificha. Alikuwa amesimama chini ya lori, vumbi la chuma bado limemganda kwenye nyusi.

"Wenye mzigo huu walinikuta wiki tatu zilizopita pale kwenye benchi la vipuri," alisema. "Waliniuliza kama mashine hii inaweza kwenda kwa bolti. Nikawaambia inaweza, ila matundu yawe marefu. Wakaniomba niwachoree. Nikawachorea kwa chaki, pale chini."

"Mabamba yote?"

"Yote."

"Asubuhi nilikuuliza kama ulitaka kazi yangu ishindikane."

"Ulinionea kwa hilo la kigezo tu." Baba Mdogo alijipangusa uso. "Ulinicheka, mwanangu. Wao hawakucheka."

Rula alishikilia ukingo wa lori. Radhi aliyoiomba mbele ya watu wote ilikuwa bado inamkwaruza kooni, na sasa hakujua kama aimeze au aiteme. Alitaka kulia na hakuwa na nafasi ya kulia. Alitaka kumpigia kelele mtu, na watu waliostahili kupigiwa walikuwa ndugu zake wote aliobakiwa nao.

"Bei yenu?" Mama Ugavi alimuuliza karani.

Karani alitaja. Ilikuwa chini ya bei ya Rula, na si chini kidogo.

Mama Ugavi alirudisha kifuniko cha kalamu. Kililia tiki.

"Zimebaki dakika sita," alisema, akiwatazama mmoja mmoja. "Mtu aniambie kwa nini nisinunue hizi za kwenye lori."

Meneja alianza jambo kuhusu ubora na uaminifu wa miaka mingi. Mama Ugavi aliinua kiganja kumkatiza. Rula alifungua kinywa. Alikuwa ameichora mashine hii kwa miezi saba, lakini sauti nyingine ilimtangulia.

"Usizinunue, mama."

Alikuwa Baba Mdogo. Alisogea mpaka kwenye mabamba, akaligusa la juu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa paji la mgonjwa.

"Kuna kipimo kimoja sikuwapa," alisema. "Zikifungwa zitasimama vizuri. Zitafanya kazi vizuri. Lakini hazitamaliza msimu."

Ubao wa kuandikia ulimponyoka karani. Hakuuokota. Alikuwa ameshatoa simu.

"Kipimo gani?" Mama Ugavi aliuliza.

Baba Mdogo hakumtazama mgeni. Alimtazama binti wa kaka yake, juu ya lori.

"Nitamwambia yeye," alisema. "Peke yake. Na nina sharti moja."